Mbwa wa Raskazone na Samli ya Arusi

Raskazone, Tanga
22 Machi 1954

Kwa dada yangu Mwanasiti,

Shikamoo dada. Ikikukuta barua hii ukiwa mzima, na nyumba nzima ya shemeji Mbarouk ikiwa salama, basi nimepata ninachokiomba kila nikiinua mikono. Sisi huku ni wazima, ila mvua. Masika ya mwaka huu yameingia Tanga kwa hasira. Nyumba yetu ya Usagara inavuja chumba cha uani, na Sabiha mke wangu anazunguka na masufuria kukinga maji huku ananisema mimi, kana kwamba mvua nimeialika mimi. Kikohozi chake kimepungua, alhamdulillahi.

Mzigo wa arusi umefika. Mchele, makanda ya tende, papa mkavu, madebe ya samli, vyote vimeteremshwa salama. Bwana arusi hakubana mkono, hilo namshukuru. Lakini kwa paa lile siwezi kuuweka Usagara. Nimeuhifadhi huku ninakofanya kazi, katika stoo ya jikoni kwa Bwana wangu, pamoja na masufuria makubwa tuliyoazima kwa majirani kwa ajili ya karamu. Unajua Bwana yuko Ulaya kwa livu hadi mwisho wa mwezi wa tano, na nyumba kaniachia mimi mpishi wake. Kaniachia na mbwa wake wawili, Reksi na Juno, anaowapenda kupita kiasi. Stoo ina mlango mzito na kufuli, usiwe na wasiwasi.

Mwanao Mboni yupo hapa kwetu Usagara. Tangu aambiwe habari ya kuolewa na Bwana Idarusi maneno yamempungua, na chakula anakigusagusa tu. Mimi sisemi neno. Mimi ni mjomba, si walii wake wa kumwozesha. Walii ni baba yake mdogo, Bwana Safari wa Horohoro, naye ameshatoa ruhusa. Nauliza tu, kama ndugu: wewe mama yake umemuuliza?

Msalimu sana shemeji.

Mdogo wako,
Uweso


Wete, Pemba
1 Aprili 1954

Mdogo wangu Uweso,

Marahaba. Nimefurahi kusikia Sabiha hajambo, mwambie anywe asali na tangawizi na aache kubeba maji. Huku mikarafuu imeanza kutia matumaini. Mama mkwe jicho moja halioni tena, lakini ulimi wake mzima kabisa. Barua yako amenisomea Bwana Mbarouk mwenyewe, baada ya kula. Barua zote hushukia dukani kwake kwanza, naye hupenda kuzisoma yeye ingawa nami najua kusoma. Alicheka sana habari ya masufuria. Alipofika mwisho hakucheka.

Umeuliza kama nimemuuliza Mboni. Kadhi atamuuliza. Akinyamaza, kimya chake ndiyo idhini yake, ndivyo ilivyo kwa mwanamwali. Mimi niliozwa hivyo hivyo kwa marehemu baba yake, na wewe ulikuwepo siku ile ukila pilau kwa mikono miwili. Bwana Idarusi ni binamu wa mume wangu. Ana mashamba, ana wake wawili na kila mmoja ana nyumba yake na hakuna anayelia njaa. Umri umemwendea kidogo, sikatai. Lakini Bwana Mbarouk ameshatoa neno lake, na neno la mume wangu ni langu.

Sasa niambie, umerogwa? Chakula cha arusi unakiweka paa moja na mbwa! Hujui kwamba mbwa akitia ulimi mara moja tu, kazi imekwisha? Hata ukiosha maji saba na udongo juu yake, nani wa Tanga atakaa jamvini kula? Watu watasema bibi arusi ana mkosi, na Bwana Idarusi atarudi zake Pemba. Tafuta mahali pengine, hata msikitini waombe. Usinitie aibu mbele ya wenyewe.

Dada yako,
Mwanasiti


Raskazone, Tanga
12 Aprili 1954

Dada yangu Mwanasiti,

Shikamoo. Natumaini nyote hamjambo, na mama mkwe mpe pole ya jicho. Sabiha anatumia asali. Nimekaa na kalamu hii tangu asubuhi na sijui kuna njia gani nzuri ya kusema, basi nasema tu. Mbwa wameingia stoo.

Ijumaa nilikwenda kuswali. Niliporudi mlango wa stoo ulikuwa wazi. Reksi kalala kizingitini, tumbo limekaza kama ngoma, ananitazama bila kuinua kichwa. Juno alikuwa bado anakula. Makanda ya tende yalikuwa yamechanika, papa amebaki mifupa na mikia, samli imetapakaa sakafuni na ndani ya masufuria ya watu. Nilipowafukuza wakakimbilia karo la kufulia, wakanywa maji. Papa ana chumvi, na mbwa aliyekula papa hana namna ya kuacha maji. Rafaeli, mtunza bustani wetu, mtu wa Magila, alipiga kelele kutoka kwenye maua: "Mwaga hayo maji, Uweso! Tende zitaumuka tumboni, hao watapasuka!" Niliyamwaga, lakini walishakunywa.

Tukawatembeza uani, yeye na Reksi, mimi na Juno. Reksi alitapika, akatapika tena, akapata nafuu. Juno alikuwa anajikamua lakini linatoka povu tu, na tumbo linazidi kupanda upande mmoja. Daktari wa ng'ombe alikuja akamgusa mara moja akatikisa kichwa. Akasema utumbo umejisokota. Nilimshika kichwa mpaka akafa. Ndiyo dada, nilimshika, na kanzu ya Ijumaa mwilini. Sikuwa nafikiria udongo wala maji saba. Alikuwa ananitazama kama mtu.

Magunia ya mchele hayakuguswa. Vingine vyote si vya kuliwa na Muislamu. Kufuli nadhani sikulifunga vizuri. Lawama ni yangu, mwambie shemeji hivyo.

Uweso


Wete, Pemba
25 Aprili 1954

Uweso,

Wazima tupo. Salamu zako nimezipata na nisingependa kuzipata namna hii.

Bwana Mbarouk alinisomea barua yako mbele ya Bwana Idarusi, kwa sababu hakujua kilichomo. Nilitamani sakafu inimeze. Mume wangu alikwenda kumuuliza sheikh, na sheikh akasema samli iliyoganda huchotwa pale mbwa alipogusa, inayobaki ni halali. Nilimwambia samli ya Tanga mwezi wa nne haigandi, inakwenda kama maji. Basi arusi imesogezwa. Itakuwa mfunguo mosi, baada ya Ramadhani, na Bwana Idarusi amesema atapakia mzigo wa pili Idi ikishapita. Mtu mwingine angekwisha kuvunja. Namshukuru, na wewe mshukuru.

Nimeshamaliza hasira, sasa nakuuliza taratibu. Makanda mbwa atayararua, nakubali. Papa atamng'oa popote alipo. Lakini madebe yale ya samli niliyasimamia mwenyewe hapa Wete, mfua bati akiyaziba kwa risasi ya kuyeyusha, moja baada ya jingine, na nikayatikisa kuona kama yanavuja. Mbwa wa Mzungu wamesoma shule gani hata wakajua kufungua debe?

Nani alikuwepo nyumbani kwa Bwana wako Ijumaa ile?

Mwanasiti


Raskazone, Tanga
9 Mei 1954

Dada yangu,

Shikamoo, na Ramadhani karimu. Mvua imeacha kidogo na watu wanakaa nje wakifuturu. Sabiha ameyaosha yale masufuria mara saba na udongo, mikono imemchubuka, akayarudisha kwa wenyewe. Wanawake wa Usagara wameyapokea kwa adabu kisha wameyafunika uani, hakuna aliyepikia hata uji. Mmoja alimuuliza kama tunafikiria kununua mapya. Tunafikiria.

Habari ya debe, labda liliangukia pembe likapasuka. Labda mfua bati wako alikuwa na haraka siku ile. Sikuwepo, nilikuwa msikitini, kwa hiyo sikuona na sitasema nisichokiona. Ukiniuliza tena nitajibu hivi hivi.

Juno tumemzika nyuma ya banda la magari. Reksi amepona lakini hataki kula kwa mkono wangu. Mboni ndiye anayempelekea chakula siku hizi, anakuja kutoka Usagara kila alasiri kwa miguu. Anasimama mbali na kumsogezea bakuli kwa fimbo, halafu anachuchumaa anamtazama mpaka amalize. Nilimwambia mwanamwali hana kazi na mbwa. Alinijibu, "Mjomba, niache." Sijawahi kumsikia akiniambia hivyo.

Yeye mwenyewe anafunga, na jua likizama hafungui kwa tende, hawezi hata kuzitazama. Anakunywa maji basi. Amekonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili. Dada, huo mzigo wa pili usipakiwe bado. Mwambie shemeji kuna mawimbi, mwambie nahodha mgonjwa, mwambie lolote. Namaliza hapa kwa sababu nikiendelea nitasema zaidi ya ninavyopaswa kusema katika barua inayoshukia dukani.

Uweso


Wete, Pemba
21 Mei 1954

Mdogo wangu,

Barua hii anakuletea Bi Wanu, jirani yangu, anakuja Tanga kumwona binti yake aliyejifungua. Haikupita dukani. Bwana Mbarouk hajui kama nimeandika. Nijibu kwa mkono wa huyu huyu Bi Wanu, umpe mkononi, usimpe mtu mwingine hata kama ni ndugu yake.

Nakuomba radhi kwa salamu fupi. Kila mtu mzima, mimi tu silali.

Kuna jambo sikukuandikia. Ulijua nilivyokuwa nilipofiwa na baba yake Mboni, sina mbele wala nyuma, nashona kofia za watu kwa taa ya kibatari. Mbarouk alinichukua, akanipa nyumba, hakuninyanyasa hata siku moja. Sasa yeye na Idarusi wana mashamba wanayotaka kuyachanganya yawe moja, na Mboni ndiye fundo la kamba yao. Juzi aliniambia, tena bila ukali, alikuwa anamenya chungwa, kwamba binti akimkataa Idarusi basi na mimi sina haja ya kukaa hapa. Akanikatia kipande cha chungwa akanipa. Nilikipokea nikala. Hicho ndicho kinachonisumbua, Uweso, kwamba nilikipokea.

Ndiyo maana nilikuwa mkali. Nilidhani nikifunga macho yatapita, kama yalivyopita kwangu. Mboni angezoea. Sote tumezoea.

Lakini umeniandikia kwamba anakwenda kumlisha mbwa kila siku na kumtazama. Mimi ndiye niliyemzaa. Alikuwa akivunja kikombe anakaa na vipande vyake uani mpaka Magharibi. Niambie bila kuzunguka. Ni Mboni aliyefungua debe?

Dada yako


Usagara, Tanga
29 Mei 1954

Dada yangu Mwanasiti,

Shikamoo. Bi Wanu amefika, mjukuu wake wa kiume, mzima. Ananisubiri barazani na Sabiha anampa mazungumzo nipate kuandika.

Ni Mboni.

Ile barua yako ya mwanzo wa mwezi wa nne niliisoma kwa sauti hapa nyumbani, kama barua zako zote, Sabiha na Mboni wakisikiliza. Ulipoandika kwamba ulimi mmoja wa mbwa unatosha kuvunja arusi, sisi tulisikia onyo. Yeye alisikia njia. Ijumaa aliposikia adhana alichukua ufunguo kwenye koti langu la kazi, akaenda Raskazone, akaingia stoo, akatoboa madebe kwa msumari na nyundo, akaufungua mlango wote akawaita mbwa. Rafaeli alimwona akitoka, akanyamaza mpaka nilipomuuliza. Nilimwambia aendelee kunyamaza.

Nilipomkabili hakukana. Alilia. Akasema, "Mie nlitaka walambe tu, Mjomba. Mara moja tu, kisha nlidhani wataondoka." Dada, huyu ni mtoto wa Kiislamu wa mjini. Maisha yake yote mbwa kwake ni ulimi na udongo na maji saba, kitu cha kukwepa njiani. Hakuwahi kufikiri kwamba mbwa ana tumbo, kwamba ana njaa na tamaa na anaweza kula mpaka afe. Aliacha mlango wazi akarudi nyumbani kwa furaha. Asubuhi yake nikamwambia Juno amekufa.

Ndiyo maana anakwenda kwa Reksi. Anamtazama akila, anaogopa asije akala kupita kiasi tena. Wiki iliyopita alimwaga nusu ya nyama kwenye majani, akasema inatosha.

Bwana amerudi Jumatano. Nilimwambia niliacha kufuli wazi. Hakunipigia kelele, alikwenda nyuma ya banda akasimama pale muda mrefu, akarudi akaniambia nitoe vitu vyangu. Nina kazi nyingine, napika hotelini karibu na soko, maandazi na chai, usinihurumie. Nimeyabeba haya kwa sababu mwanamwali aliyefanya jambo kama lile akijulikana, hakuna atakayemposa mpaka kiyama, na watu watamwita mwenda wazimu. Na kwa sababu mimi si walii, sina neno la kusema mbele ya kadhi. Kulibeba kosa ndiyo njia pekee iliyokuwa mikononi mwangu.

Ameniambia jambo moja nikufikishie. Amesema kadhi akimuuliza, safari hii hatanyamaza. Atasema hapana, mbele ya mashahidi na mbele ya Bwana Idarusi. Namwamini. Nimeona macho yake.

Sasa najua na wewe unasimama wapi. Kama ningejua mapema nisingekupigia mafumbo. Sikushauri. Nimejaribu kuandika ushauri mara tatu na kila nikiandika nauchana, maana nikikuambia mwache Mboni akatae, nakuambia wewe uondoke nyumbani kwako, na nikikuambia kaa, namuuza mtoto.

Uweso


Wete, Pemba
14 Juni 1954

Mdogo wangu Uweso,

Idi njema, ingawa imeshapita. Sabiha msalimu, na mikono yake ipake mafuta ya nazi.

Walikaa barazani, mume wangu na Bwana Idarusi, wanapanga siku ya kupakia mzigo wa pili. Nilitoka ndani bila kuitwa. Nilisimama mbele yao nikasema, "Mwanangu hataki, na mimi sitaki tena." Habari ya debe sikuitaja, wala sitaitaja kwa mtu yeyote mpaka naingia kaburini. Wote wanaamini ni uzembe wako, na nakuomba uendelee kuwa mzembe. Bwana Idarusi aliweka kikombe chini. Akasema ni heri ameambiwa leo kuliko kuambiwa mbele ya kadhi, akavaa viatu vyake akaondoka. Nilikuwa nimemdhania vibaya yule mzee.

Mume wangu alingoja mpaka mgeni amefika mbali. Kisha akanipa talaka yangu. Moja tu, na akaniambia eda nikakae kwetu. Mama yake alilia, hilo sikulitarajia. Bwana Safari wa Horohoro nimemwandikia mwenyewe, nimemwambia ruhusa yake haina kazi tena na anishukuru kwa kumwepusha na aibu.

Sikuona uchungu nilioutegemea. Nilidhani nitaanguka. Nilikunja nguo zangu, zikaingia zote katika sanduku moja, nikashangaa miaka yote hii mtu anaishi nyumbani kwa mtu na vitu vyake ni sanduku moja. Kisha usingizi ulinichukua, mchana kweupe, kama sijawahi kulala.

Nakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Nipokee bandarini. Sihitaji chumba, nitalala na Mboni kama alipokuwa mdogo, kama bado atanikubali.

Mwambie ya arusi, kwamba imevunjika, mwambie leo hii asikae roho juu. Lakini habari ya talaka usimwambie. Mwambie mama anakuja kutembea. Nataka kumwambia mwenyewe, nikiwa nimemshika, asije akadhani kwamba na mimi ameniua.

Dada yako,
Mwanasiti